Kuua Bila Kukusudia: Sheria ya Tanzania Inasema Nini

(Muziki wa kipindi. Unashuka polepole, mtangazaji anaingia.)



Leo tuna swali moja tu, maana ni zito na linataka nafasi. Msikilizaji mmoja alilitia kwenye kisanduku chetu cha maswali, bila jina, na nalisoma kama alivyoliandika: «Mtu akiua bila kukusudia maana yake hakutaka kuua. Sasa kama hakutaka kwa nini sheria imfunge? Si ni bahati mbaya kama bahati mbaya nyingine?»

Ni swali zuri. Naamini wengi wanalo moyoni. Tena mimi naona kosa si la anayeuliza, shida imeanzia kwenye jina lenyewe. Ukimwambia mtu wa kawaida «kuua bila kukusudia», kichwani anaona ajali: mti umeanguka, mtu kateleza, Mungu amepanga. Lakini polisi na hakimu wanapotumia maneno hayo wanataja kosa la jinai lenye kifungu chake, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Leo tuzungumzie hapo, kati ya maana ya mitaani na maana ya mahakamani, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia.

Kwanza tukubaliane sheria gani inatuhusu. Sisi tuliokimbilia Tanzania, tunaongozwa na sheria ya Tanzania. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unasema hivyo katika ibara ya 2: mkimbizi ana wajibu wa kufuata sheria za nchi inayompokea. Mkataba huohuo, ibara ya 16, unampa haki ya kufika mbele ya mahakama za nchi hiyo na kupata msaada wa kisheria kama raia wake. Wajibu na haki vimekuja pamoja.

Nalisema hili mapema kwa sababu kuna wazee wetu waliotoka Congo wakiwa na picha ya sheria ya kule. Kanuni ya adhabu ya Congo imetenga mambo mawili. Aliyempiga mtu kwa kusudi, lakini bila nia ya kuua, na yule mtu akafa, hufungwa miaka mitano hadi ishirini. Aliyesababisha kifo kwa uzembe, bila kusudi lolote la kuumiza, hufungwa miezi mitatu hadi miaka miwili. Sasa mtu mwenye picha hiyo akifika hapa anaambiwa «kesi yako ni kuua bila kukusudia», anafikiri ni ile ya miezi mitatu. Sivyo. Hapa Tanzania hayo mawili yamewekwa chini ya jina moja, na kosa hilo moja linaweza kuanzia adhabu ndogo kabisa hadi maisha.

Kitabu chenyewe kinaitwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania. Kifungu cha 195 kinasema, kwa lugha rahisi, kwamba mtu yeyote akisababisha kifo cha mwenzake kwa kutenda kitendo kisicho halali, au kwa kuacha kutenda alichopaswa kutenda, ana hatia ya kuua bila kukusudia. Angalieni sana. Kifungu hakisemi «aliyetaka kuua». Kinauliza mambo mawili: je, kitendo chako kilikuwa halali? Na je, kifo kimetokana nacho?

Tuseme hivi. Vijana wawili wanagombea foleni kwenye bomba. Mmoja anamsukuma mwenzake kifuani. Aliyesukumwa anaanguka, kisogo kinagonga zege la bomba, na usiku ule anafariki. Hakuna aliyetaka kifo. Huenda jana walicheza mpira pamoja. Lakini kumsukuma mtu kwa ugomvi ni shambulio, na shambulio si halali. Kifo kimetokana nalo. Hiyo ndiyo sura kamili ya kuua bila kukusudia, na kijana yule atasimama mahakamani.

Sasa upande wa pili, wa kuacha kutenda. Huu watu wengi hawaujui, na kwa maisha yetu ya kambini mimi nauona una uzito mkubwa. Sheria imeweka wajibu kwa watu fulani. Mwenye kulea mtoto mdogo, au mgonjwa asiyeweza kujihudumia, ana wajibu wa kumpatia mahitaji ya uhai. Anayetibu watu ana wajibu wa kuwa na ujuzi na uangalifu. Mwenye kitu cha hatari mikononi mwake ana wajibu wa kukizuia kisidhuru wengine.

Tufikirie mashimo ya matofali. Tunachimba udongo, tunafyatua, nyumba inasimama, shimo linabaki wazi. Mvua ya masika inalijaza maji. Tuseme majirani wamemwendea mwenye shimo mara mbili, mara tatu, wamemwambia watoto wanacheza pale, afukie au hata aweke miiba kuzunguka. Yeye anajibu, «Kila mtu achunge mtoto wake.» Kisha mtoto anazama. Mtu huyu hakumgusa mtoto, hata hakuwepo. Lakini polisi wanaweza kuuliza: ulijua hatari? Ulionywa? Ulifanya nini?

Au yule anayejiita daktari, anayechoma watu sindano nyumbani kwake bila kusomea, na dawa kanunua sokoni. Mgonjwa akimfia mikononi, kusema «nilitaka kumsaidia» hakumtoi hatiani. Nia nzuri bila ujuzi, mahali ambapo kituo cha afya kipo, sheria inaihesabu kuwa uzembe.

Lakini msiogope kupita kiasi. Si kila kusahau ni jinai. Mahakama haitafuti uzembe mdogo ule wa kila siku ambao hata mtu mwangalifu humtokea. Inatafuta uzembe mkubwa, wa mtu kuiona hatari ya maisha ya watu na kuipuuza. Mama aliyegeuka kuchukua chumvi na mtoto akajivutia sufuria, huyo ni mama mwenye msiba. Kuna wanaokimbilia kusema «apelekwe polisi», na mimi nawaomba wapunguze.

Na ajali ya kweli je? Ipo, na sheria inaitambua. Kanuni ya Adhabu inasema mtu hawajibiki kwa jinai kwa tukio lililotokea kwa ajali, lisilotokana na kusudi lake, isipokuwa pale sheria inapotaja uzembe. Mtu anapasua kuni nyuma ya nyumba yake, mahali pasipo na watu, shoka limekazwa vizuri, lakini mpini unakatika ghafla na chuma kinampata mtu aliyetokea bila kutarajiwa. Kupasua kuni ni halali. Uangalifu ulikuwepo. Hiyo ni ajali, na hana kosa. Badilisha kidogo tu: mpini ulikuwa umelegea wiki nzima, anajua, na anapasua katikati ya watoto wanaocheza. Hapo tumeshahama.

Kwa upande wa barabara nitapita haraka. Dereva au mwendesha pikipiki akigonga mtu na kumuua kwa uendeshaji mbaya, mara nyingi polisi humshtaki kwa Sheria ya Usalama Barabarani, si kwa kifungu cha 195. Ni kesi nyingine, tutaitengea siku yake.

(Muziki mfupi.)

Tunaendelea, na sasa twende upande wa pili wa mpaka, maana kuua bila kukusudia kuna jirani yake mkali. Anaitwa mauaji, au kuua kwa kukusudia, kifungu cha 196. Adhabu yake Tanzania ni moja tu iliyoandikwa: kunyongwa hadi kufa. Ni kweli kwamba tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa, lakini hukumu hiyo bado inatolewa, na mtu anakaa gerezani akiwa nayo.

Kinachotenganisha makosa haya mawili ni maneno mawili: nia ovu. Na hapa naomba mtu apunguze sauti ya jirani, asikilize vizuri. Watu wanadhani nia ovu ni kukaa na kupanga: «kesho nitamuua fulani.» Hiyo imo, lakini si hiyo peke yake. Kifungu cha 200 kinasema nia ovu ipo pia kama ulikusudia kumdhuru mtu vibaya mwilini, hata kama hukutaka afe. Na ipo kama ulijua kwamba unachofanya huenda kikasababisha kifo au madhara makubwa, hata kama hukujali litokee lipi. Kwa hiyo mtu anayesema mbele ya hakimu, «Mheshimiwa, sikutaka kumuua, nilitaka nimvunje mguu tu ajifunze adabu,» anadhani anajitetea. Kumbe anaweza kuwa amejipeleka mwenyewe kwenye kifungu cha 196.

Basi mahakama inajuaje nia ya mtu, na nia iko moyoni? Inasoma matendo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika rufaa moja ya mwaka 1994 ambayo majaji bado wanaitumia hadi leo, ilitaja mambo ya kutazama: silaha gani ilitumika na ukubwa wake, nguvu kiasi gani, sehemu gani ya mwili ililengwa, mapigo mangapi, majeraha ya aina gani, mshtakiwa alisema nini kabla, wakati na baada, na alifanya nini kabla na baada ya tukio. Kofi moja la mkono ni jambo moja. Panga kichwani mara tatu ni jambo lingine, hata kama mwenye panga atalia na kuapa kwamba hakutaka.

Ndiyo maana nasema na vijana wenzangu kuhusu wezi. Mwizi akikamatwa sokoni, au kwenye zoni usiku, watu wanatoka na fimbo, mawe, matofali. Kila mmoja anapiga kidogo. Akifa, kila mmoja anasema, «Mimi nilitupa jiwe moja tu, na halikumpata vizuri.» Sheria ya Tanzania ina habari ya nia ya pamoja: watu wakishirikiana kutenda jambo lisilo halali, kinachotokana na jambo hilo ni cha kila mmoja wao. Haitawahesabia mawe. Tena kwa kuwa mawe na moto si vitu vya kumwonya mtu, kesi za namna hiyo hufunguliwa kama mauaji, si kuua bila kukusudia. Mwizi wa sufuria anaweza kuwapeleka vijana sita mbele ya jaji kwa kosa la kunyongwa. Ukimkamata, mfunge mikono, mwite sungusungu, mpeleke kituoni, hapo umemaliza kazi yako.

Na aliyevamiwa? Anayo haki ya kujitetea na kuwatetea wengine, kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Akizidisha nguvu, kwa mfano mwizi ameshaangushwa, hana silaha, naye anaendelea kumkatakata, kifo hicho kinaweza kuhesabiwa kuwa kuua bila kukusudia au zaidi.

Kuna jambo moja la ajabu katika kosa hili, ambalo jina lake la Kiswahili linalificha. Mtu anaweza kuwa alikusudia kabisa kuua, na bado akahukumiwa kwa kuua bila kukusudia. Ni pale alipochokozwa ghafla, hasira ikapanda, akatenda kabla hasira haijapoa. Sheria inaona udhaifu wa binadamu, inamshusha kutoka kwenye mauaji. Na kipimo ni mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa: je, jambo lile lingemkasirisha hivyo? Lakini neno kubwa ni ghafla. Mtu aliyemkuta mwenzake kwenye tendo la kumkosea, akashika kilicho karibu, yuko ndani. Mtu aliyesikia habari asubuhi, akaenda kunoa panga, akasubiri jioni kwenye njia ya msituni, hasira yake imeshapata muda wa kupoa. Huyo amepanga.

Pombe je? Gongo au kasiksi si kinga. Lakini kama mtu alilewa kiasi cha kutoweza kuwa na nia yoyote, mahakama inaweza kulipima hilo. Na kwa kawaida kifo kilichotokea katika ugomvi wa kilabuni, wawili wakipigana bila mmoja kumvizia mwingine, mara nyingi huishia kuwa kuua bila kukusudia. Kuishia, nimesema. Mwanzo wa kesi polisi wanaweza kuandika mauaji.

Jambo jingine ambalo familia hujitetea nalo bure: «Marehemu alikuwa mgonjwa zamani.» Au, «Angewahishwa hospitali asingekufa.» Sheria imeshayajibu hayo. Ukiharakisha kifo cha mtu aliyekuwa tayari mgonjwa, umesababisha kifo. Ukimjeruhi, na yeye hakutibiwa vizuri au alikataa matibabu, bado unaweza kuhesabiwa kuwa umesababisha. Hata ukimtisha mtu kwa panga naye akakimbia akaruka mtoni akafa maji, umesababisha. Baba anayempiga mkewe tumboni na kusema «wengu lilikuwa limevimba kwa malaria» hajasema kitu cha kumwokoa.

(Muziki mfupi.)

Sasa limetokea. Mtu amepigwa, amelala chini. Nini kifanyike? Hapa sheria na maisha vinakutana, na saa za kwanza zinabeba mambo mengi.

Mpelekeni hospitali. Kuna watu wanaomficha majeruhi nyumbani, wanamkanda kwa maji ya moto, kwa sababu wanaogopa ile fomu ya polisi, PF3. Wanaona wakienda kuichukua watauliziwa nani kampiga. Siku mbili baadaye ugomvi mdogo umekuwa kesi ya kifo. Mtu akiwa katika hatari mkimbizeni kwa daktari kwanza, fomu ishughulikiwe wakati anatibiwa. Na wewe uliyempiga, ukisaidia kumbeba utakuwa umetenda jambo ambalo jaji atalitazama. Kumbukeni nilivyosema: alifanya nini baada ya tukio.

Usikimbie. Najua ushauri huu ni mgumu kwa watu ambao maisha yao yameokolewa kwa kukimbia. Lakini hapa kukimbia kunakugeuka. Kunasomeka kama dalili ya hatia, na kunamwacha ndugu yako kambini katikati ya hasira za familia ya marehemu. Kama unaogopa kulipiziwa kisasi, na hofu hiyo ni ya kweli, jisalimishe kituo cha polisi na useme wazi kwamba unaogopa. Kituo ni salama kuliko pori.

Msizike haraka. Mwili lazima uchunguzwe na daktari ili sababu ya kifo ijulikane. Uchunguzi huo unaweza kumtia mtu hatiani, na unaweza pia kumtoa: pengine marehemu hakufa kwa lile kofi kabisa. Mkizika kwa siri, mahakama inaweza kuamuru kaburi lifukuliwe, na hapo msiba unaanza upya.

Na sasa suluhu ya kifamilia. Wazee wetu wanajua kupatanisha. Warundi wana bashingantahe, sisi wa Kivu tuna mabaraza yetu, na familia zikikaa, zikalia pamoja, zikachangia mazishi, mimi nasema ni jambo jema sana. Watu hawa wataendelea kuteka maji kwenye bomba moja. Lakini haifuti kesi. Sheria ya Tanzania inaruhusu mapatano kumaliza makosa madogo kama kupigana kwa kawaida. Kifo si mali ya familia peke yake, ni kesi ya Jamhuri. Mzee akichukua fedha au mbuzi ili watu wanyamaze, anajiingiza mwenyewe katika kosa la kuficha jinai. Pataneni, kisha acheni mahakama ifanye kazi yake. Mapatano hayo wakili anaweza kuyaeleza mbele ya jaji wakati wa kuomba adhabu ipunguzwe.

Kituoni. Askari anapaswa kukuonya kwanza kwamba hulazimiki kusema, na kwamba ukisema, maneno yako yanaweza kutumika kama ushahidi. Ndiyo maana yanaitwa maelezo ya onyo. Una haki ya kumjulisha ndugu au wakili. Kama Kiswahili chako ni cha kuombea chumvi tu, kama unaelewa Kibembe au Kirundi vizuri zaidi, sema hivyo kabla ya kuanza, uombe mkalimani. Maneno «nilimpiga» na «nilimsukuma» yana umbali mkubwa mahakamani. «Nilimpiga nikitaka kumuumiza» iko mbali zaidi. Maelezo yakiisha yasomwe, nawe una haki ya kusahihisha kabla ya kutia saini au dole gumba. Usitie dole kwenye karatasi ambayo hujasomewa. Unaweza pia kupelekwa mbele ya mlinzi wa amani kutoa maelezo. Kama ulipigwa au ulitishwa, mwambie huyo, na mwonyeshe alama.

Halafu mahakama. Hapa ndugu huchanganyikiwa sana. Mshtakiwa anapelekwa Mahakama ya Wilaya, wanakwenda kumsikiliza, na hakimu anasema kesi imetajwa, irudi baada ya wiki mbili. Inatajwa tena, na tena. Hakuna aliyemuuliza kama ana hatia au hana. Wanafikiri imeuzwa. Haijauzwa. Kesi za kifo husikilizwa na Mahakama Kuu, na kule wilayani inapita tu wakati upelelezi unaendelea, mpaka faili ikamilike ipelekwe juu. Kwa mashtaka ya mauaji hakuna dhamana, atasubiri akiwa mahabusu, na kusubiri kunaweza kuwa kurefu. Kwa kuua bila kukusudia dhamana inaweza kuombwa. Mnaona sasa kwa nini tofauti ya vifungu viwili inagusa hata kulala nyumbani au kulala rumande.

Mshtakiwa wa kesi hizi asiye na fedha hupangiwa wakili, na serikali ndiyo inamlipa. Mkimbizi naye amo. Ukutane naye, umweleze kila kitu, hata lile unaloona aibu. Mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji anaweza, kupitia wakili wake, kukubali kosa la kuua bila kukusudia, na upande wa mashtaka ukiridhika jaji huendelea na kosa hilo dogo. Lakini asikubali ili kesi iishe tu. Kama ilikuwa ajali ya kweli, au hakuwepo kabisa, asiseme «ndiyo». Katiba inamhesabu hana hatia mpaka ithibitishwe, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa Jamhuri. Tangu mwaka 2021 lugha ya mahakama Tanzania ni Kiswahili, hiyo imetusaidia wengi, na asiyekielewa ana haki ya kutafsiriwa.

Na adhabu? Kifungo cha maisha ndicho kikomo, si lazima kifikiwe. Mwongozo wa kutoa adhabu unaotumiwa na mahakama unagawa kosa hili ngazi tatu: ya juu, miaka 10 hadi maisha, ya kati, miaka 4 hadi 10, na ya chini, kutoka kuachiwa kwa masharti hadi miaka 4. Silaha, kipigo cha muda mrefu, na udhaifu wa aliyeuawa, kama mtoto au mzee, hupandisha. Kukiri mapema, kuchokozwa, na kumsaidia majeruhi hushusha. Kijana wa bomba na mume aliyempiga mke usiku kucha wanaweza kuwa na hatia ya kosa moja, na wakatoka mahakamani na maisha tofauti kabisa.

Kwa ndugu mnaotupata mkiwa Kakuma au Nakivale: sheria za Kenya na Uganda zina maneno yanayofanana sana na haya, kwa sababu zote zilirithiwa kwa Waingereza. Huko pia kuua bila kukusudia kunaweza kufika maisha. Tofauti kubwa iko kwenye mauaji: Mahakama ya Juu ya Uganda mwaka 2009, na ya Kenya mwaka 2017, ziliamua kwamba jaji asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo, bali apime kila kesi.

Nimalizie na lile linalowanyima usingizi akina mama ambao waume zao wako mahabusu: je, tutafutiwa ukimbizi? Kosa la jinai ni la aliyelitenda. Mke na watoto wana hofu yao wenyewe iliyowatoa nyumbani, na kesi ya baba haiifuti. Kwa mshtakiwa mwenyewe, kushtakiwa tu hakumwondolei ulinzi. Ibara ya 33 ya Mkataba inagusa mtu aliyekwisha kuhukumiwa kwa hukumu ya mwisho, kwa kosa zito sana, na ambaye ni hatari kwa jamii, na hilo hupimwa mtu kwa mtu. Mwenye karatasi ya kesi aipeleke kwenye dawati la ulinzi au kwa wasaidizi wa kisheria, aulize akiwa nayo mkononi, maana bila namba ya kesi hakuna anayeweza kumfuatilia.

Maswali yenu tieni kwenye kisanduku kama kawaida, si lazima kuandika jina. Aliyetuuliza hili la leo, kama bado kuna sehemu haijaeleweka, aandike tena, tutamjibu. Juma lijalo tutazungumza juu ya dhamana: nani anaweza kumdhamini mkimbizi, na anatakiwa aje na nini.

(Muziki wa kipindi unapanda.)